Kwa Nini Mrututu Hula Ndoo ya Bati

Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima

 Mimi mwenyewe nilizaliwa Masama. Juma lililopita tulizungumza juu ya oksijeni, ile sehemu ya hewa inayouwezesha moto kuwaka na sisi kupumua. Leo tutaendelea pale tulipoishia, lakini nitaanza na habari ya ndoo.

Baba yangu alikuwa na kihamba cha kahawa, na kila mwaka mvua zikikaribia alipiga dawa ya mrututu na chokaa. Vijana wengine huenda hawaujui mrututu. Ni yale mawe ya rangi ya buluu, mazuri kama kioo, ambayo huyeyushwa katika maji. Desturi ilikuwa kuyafunga katika kitambaa na kuyaning'iniza ndani ya pipa la mbao usiku kucha. Mwaka mmoja pipa lilikuwa limepasuka, naye akaona si taabu, akatumia ndoo mbili za bati. Asubuhi tulikuta maji yamepoteza sehemu kubwa ya ubuluu wake, chini pana tope la rangi ya matofali, na ndoo moja inavuja mahali pawili.

Baba alikasirika sana. Alifikiri ameuziwa mrututu wa uongo, akashuka mpaka dukani kugombana, na mwenye duka akaapa kwa Mungu kwamba mali yake ni safi. Basi tulichanganya chokaa na yale maji yaliyobaki, tukapiga. Mvua ikaja, na chulebuni ikaja pamoja nayo. Miti ya upande wa chini wa kihamba iliangusha buni nyeusi, kavu, zisizofaa kitu, na ada ya dada yangu ikakosekana mpaka muhula wa pili. Mwenye duka hakuwa na kosa lolote. Nilikuja kulifahamu jambo hilo miaka mingi baadaye, nilipokuwa chuoni, nikiwa nimeshika msumari mbele ya chupa ya maji ya buluu. Nikakumbuka ile ndoo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye somo lenyewe. Madini hayako sawa katika tabia yao ya kushikana na vitu vingine. Yako yenye mkono wa nguvu, ambayo yakikutana na oksijeni huishika na kuing'ang'ania, na kuyatenganisha ni kazi kubwa. Yako pia yenye mkono mlegevu, ambayo hushika kidogo na kuachia upesi. Wataalamu wameyapima na kuyapanga katika mstari mmoja. Nikianza na yenye mkono mlegevu kabisa, iko dhahabu, kisha fedha, kisha shaba nyekundu, kisha risasi, kisha chuma, kisha zinki, kisha alumini, na mwisho kabisa, yenye nguvu kupita zote hizi, sodiamu na potasiamu. Si lazima mkariri mstari huu wote usiku huu. Shikeni mambo mawili tu: zinki na chuma zina mkono wa nguvu kuliko shaba, na alumini ina mkono wa nguvu kuliko chuma.

Mrututu, basi, ni nini? Ni shaba iliyoshikana na salfa na oksijeni. Ndoo ya bati nayo ni nini? Neno letu la bati linatupoteza kidogo, kwa maana bati lenyewe hasa ni madini mengine, yale yanayotumika katika kulehemu. Ndoo ya bati na mabati ya kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki. Sasa mwaona wenyewe. Maji ya mrututu yalipoigusa ndoo, zinki, yenye mkono wa nguvu, iliwanyang'anya shaba wenzake, ikaingia yenyewe majini mahali pake. Shaba, iliyoachwa peke yake, ikaanguka chini, na hilo ndilo tope la rangi ya matofali. Zinki ilipokwisha mahali fulani, chuma nacho kikaingia katika shughuli hiyo hiyo mpaka ndoo ikatoboka. Kwa hiyo baba alipoteza mara mbili: alipoteza ndoo, na tena shaba, ambayo ndiyo dawa yenyewe, haikuwamo tena katika maji bali imelala chini pamoja na uchafu.

Wakulima wengi siku hizi hununua dawa za shaba za unga, zilizotengenezwa viwandani, na wenzetu wa kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, kilichoanzishwa mwaka 1934, wamefanya kazi kubwa ya kutafuta miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Lakini wangali wako watu wanaotumia mrututu, na kwao nasema: yeyusheni katika pipa la plastiki, la mbao, au katika chungu, wala msitumie debe wala ndoo ya bati. Na kwa kuwa nyumba zetu zimo katikati ya migomba na kahawa, angalieni dawa ya shaba isimwagikie paa. Kadhalika msifunge waya wa shaba juu ya bati. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka katika shaba hupunguza maisha ya bati, na mahali pale ndipo litakapoanza kuoza. Nimetaja kutu ya majani. Nadhani ni vema niseme kwamba ile kutu ya kahawa si ndugu wa kutu ya chuma hata kidogo. Ile ni ukungu, yaani kitu chenye uhai. Ni rangi tu zilizofanana, watu wakatumia jina moja.

Kutu ya chuma ndiyo inayotuingiza katika sehemu ya pili. Jembe lililoachwa nje wakati wa mvua hushikana na oksijeni na maji, likawa unga mwekundu. Tazameni sasa udongo wa Masama, jinsi ulivyo mwekundu. Wekundu ule ni wa nini? Ni chuma kilichoshikana na oksijeni, kama kutu. Tungeweza kusema kwamba jembe linapopata kutu linarudi kwao. Basi swali la kuuliza ni hili: mtu wa kwanza alikitoaje chuma kule kwao? Maana chuma hakiokotwi chini kikiwa tayari kama dhahabu ya mchangani. Dhahabu, kwa mkono wake mlegevu, huishi peke yake, na mchimbaji wa Geita aweza kuiona inang'aa katika jiwe. Chuma hukaa kimefungwa katika mawe na michanga, ambayo ikiwa na madini ya kutosha kutolewa huitwa mbale.

Jibu halipo mbali. Asubuhi isiyo na mawingu, ukisimama Masama na kutazama upande wa kusini-mashariki, unaona milima ya Upare. Huko Ugweno, kaskazini ya Upare, watu walikuwa wakiyeyusha chuma kwa karne nyingi. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake juu ya historia ya Wapare kilichotolewa mwaka 1969, ameeleza kwamba ukoo wa wahunzi, yaani Washana, ndio uliokuwa ukitawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Hilo halishangazi. Mwenye kutoa chuma alitoa jembe na mkuki, yaani chakula na ulinzi. Chuma cha Upare kilivuka tambarare kikaja Uchagani, na wahunzi wetu, kama wale wa Mamba, wakakifua kuwa majembe, mapanga na mikuki ambayo Wamasai nao waliitafuta. Wala Wapare hawakuwa peke yao katika nchi hii. Huko Katuruka, karibu na Bukoba, yamefukuliwa mabaki ya matanuri ambayo umri wake wapata miaka 2,000.

Mbale ya Wapare haikuwa jiwe bali mchanga mweusi, mzito, uliochukuliwa na maji ya vijito kutoka milimani. Mchanga mwepesi ulioshwa ukaondoka, ule mweusi ukabaki. Huu ulitiwa katika tanuri pamoja na makaa ya miti migumu, na watu wakapuliza kwa mivukuto ya ngozi saa nyingi bila kupumzika, hewa ikiingia kwa mabomba ya udongo.

Watu wengi hufikiri kwamba kazi ya moto ule ilikuwa kuyeyusha tu, kama mama anavyoyeyusha samli. Sivyo. Kazi kubwa ilifanywa na makaa. Makaa ni kaboni, na kaboni katika moto mkali ina mkono wa nguvu kuliko chuma. Makaa yakipata hewa haba hutoa hewa inayoitwa kaboni monoksidi, na hewa hii hupenya katikati ya mbale, ikainyang'anya chuma oksijeni yake, ikaondoka nayo kupitia juu ya tanuri. Chuma hubaki pale pale alipo. Na hewa hiyo, wasikilizaji, ndiyo ile ile inayoua watu wanaoingiza jiko la makaa chumbani usiku wa baridi na kufunga madirisha. Haina harufu wala rangi. Huku juu mlimani, mwezi wa Julai, naomba msisahau maneno haya.

Chuma safi huyeyuka kwenye digrii 1,538 za sentigredi, na tanuri la mivukuto lilifika digrii 1,200 hivi, pengine kuzidi kidogo. Kwa hiyo chuma hakikuyeyuka kikawa maji. Kilichoyeyuka ni takataka za mawe, ambazo ziliteremka zikagandamana kuwa mavi ya chuma, yale mawe meusi yenye matundu ambayo watu wa Ugweno bado wayaokota mashambani. Katikati ya tanuri likabaki donge la chuma kama sifongo, na mhunzi akalipiga nyundo likiwa bado jekundu, ili kukamua takataka zilizosalia. Katika mchanga wa Upare mlikuwamo pia madini mengine yaitwayo titani, ambayo mkono wake ni wa nguvu mno kwa makaa. Moto ule ule uliofungua chuma ulishindwa kuyafungua, nayo yakaenda zake pamoja na mavi ya chuma. Mbale ya Liganga, kule Ludewa, nayo ina titani ndani yake, na hiyo ni moja ya sababu zinazofanya kuitoa chuma kuwe na ugumu kuliko kazi ya tanuri la kawaida.

Sasa nawaletea jambo ambalo liliwahi kunisumbua, na nadhani litawasumbua ninyi pia. Nendeni kwa fundi anayetengeneza masufuria mjini. Mtamkuta amechimba shimo, ameweka makaa na kipulizio, anatia vipande vya injini kuukuu na masufuria yaliyotoboka, na baada ya muda mfupi alumini inakuwa maji, anaimimina katika mchanga, akapata sufuria mpya. Alumini huyeyuka kwenye digrii 660 tu. Moto wa Wapare ungeiyeyusha mara moja. Na alumini imejaa tele: katika madini yote yaliyo katika gamba la dunia hakuna inayoizidi kwa wingi, kama sehemu 8 katika kila 100, ambapo chuma ni kama 5. Udongo huu wa migombani mnaolima una alumini ndani yake. Katika milima ya Usambara, upande wa Lushoto, kuna boksaiti, ambayo ndiyo mbale yake hasa. Kwa nini, basi, babu zetu hawakupata alumini hata kijiko kimoja, na wamepata chuma ambacho hawakuweza hata kukiyeyusha?

Ni kwa sababu kuyeyusha na kutenganisha ni kazi mbili mbalimbali. Kuyeyusha kwataka joto. Kutenganisha kwataka mwenye mkono wa nguvu zaidi atakayenyang'anya. Fundi wa masufuria anayeyusha alumini iliyokwisha tenganishwa na mtu mwingine, mbali, kwa gharama kubwa. Lakini alumini iliyomo katika udongo imeshikana na oksijeni kwa nguvu ambayo makaa ya moto kama ule hayaiwezi. Wapulizaji wangepuliza juma zima, udongo ungebaki udongo, au ungekuwa tofali.

Ilipasa kungoja umeme. Mwaka 1886 vijana wawili, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja peke yake bila kumjua mwenziwe, waligundua njia moja. Boksaiti husafishwa kwanza kuwa unga mweupe. Unga huo peke yake hauyeyuki mpaka ufike digrii zaidi ya 2,000, lakini hao waliuyeyusha ndani ya chumvi moja ya madini iitwayo kriolaiti, ambayo hufanya kazi kwenye digrii 960 hivi, kisha wakapitisha umeme. Umeme ndio uliovuta oksijeni upande mmoja na alumini upande wa pili. Njia hiyo yaendelea kutumika mpaka leo.

Hesabu yake ni hii. Kilo moja ya alumini hula yuniti kama 14 za umeme, na wenye mita nyumbani wajua yuniti 14 zinatosha siku ngapi. Kiwanda cha Mozal karibu na Maputo, Msumbiji, kilichoanza kazi mwaka 2000, kilihitaji umeme wa megawati 900 hivi, na unga wake ulikuja kwa meli kutoka Australia. Mitambo ya Nyumba ya Mungu, hapa chini ya Moshi, ina uwezo wa megawati 8. Tena umeme wa kiwanda kama hicho hauruhusiwi kukatika. Ukikatika kwa saa kadhaa, alumini hugandia ndani ya matangi na kuyaharibu. Kwa hiyo mtu akija kutuambia kwamba tuna boksaiti na sasa tutakuwa matajiri wa alumini, tumwulize kwanza habari ya umeme. Msumbiji walipata kiwanda bila kuchimba boksaiti yao. Na fundi wetu wa shimoni asidharauliwe, kwani kuyeyusha alumini kuukuu hutumia sehemu 5 tu katika 100 za nguvu inayotumika kuitoa katika mbale. Sufuria lililotoboka si takataka, msilitupe korongoni.

Huenda mtu mmoja katika kikundi atauliza: ikiwa alumini ina mkono wa nguvu hivyo, mbona sufuria halipati kutu kama jembe? Ni swali zuri. Alumini hushika oksijeni mara moja inapokutana na hewa, lakini hujifunika ngozi nyembamba sana, ngumu, isiyopitisha hewa wala maji, na ngozi hiyo huilinda. Kutu ya chuma hubanduka na kuacha chuma uchi. Ngozi ya alumini haibanduki. Lakini magadi huila. Akina mama wanaochemsha maharage kwa magadi wameona jinsi sufuria la alumini linavyokuwa jeusi ndani. Tieni kidogo, wala msiache chakula chenye magadi kilale ndani ya sufuria. Chungu cha udongo ni bora kwa kazi hiyo. Katika magadi yale yale ya Ziwa Natron imo sodiamu, yenye mkono wa nguvu sana, ambayo Humphry Davy wa Uingereza aliitenga kwa umeme mwaka 1807. Ikiwa peke yake huchemka na hata kushika moto ikitiwa majini. Katika magadi imekwisha shikana na wenzake, imetulia.

Sasa kazi ya kikundi. Chukueni chupa mbili za kioo au za plastiki ambazo hazitatumika tena kwa chakula wala kinywaji. Tieni maji nusu chupa, na kijiko kimoja cha chai cha mrututu katika kila chupa. Katika ya kwanza tieni msumari wa chuma uliosuguliwa kwa mchanga mpaka ukang'aa. Katika ya pili tieni kipande cha waya wa shaba uliosafishwa vivyo hivyo. Ngojeni nusu saa, kisha mwangalie msumari umevaa nini, na waya umebadilika ama haukubadilika. Acheni chupa ya kwanza mpaka kesho, mtazame rangi ya maji. Kabla ya kutazama, kila mtu aseme atakachokiona, na katibu aandike, ili tuone nani alisema kweli.

Mrututu ni sumu. Watoto wasiachwe peke yao na chupa hizo, mikono ioshwe kwa sabuni, na maji yake msiyamwage katika mfongo, kwa maana wako watu wanaochota maji kule chini. Chimbeni shimo mbali na mfongo, mbali na mboga, mfukie.

Katibu ayalete majibu pamoja na maswali yenu kwa mwalimu wenu kabla ya Ijumaa. Juma lijalo tutayasoma baadhi yake hapa, kisha tutazungumza juu ya asidi, tukianza na limau na siki. Kwaherini.